Kitafsiri cha sheda: tuendelee kuziba matundu ya chetu, au tuhamie DXC na SPIRV-Cross?

boda_pikseli (Kampala)
Habari za jioni wakubwa. Tuko watatu hapa Ntinda, tunatengeneza mchezo wa mbio za boda kwa simu za Android. Sheda zote (vijiprogramu vya kuchora vinavyoendeshwa na chipu ya michoro) ziko kwa HLSL, lugha ya sheda ya Microsoft, kwa sababu aliyeanzisha kazi alitokea upande wa Windows. Kufika kwenye simu zinapitia skripti yetu ya Python inayozigeuza kuwa GLSL ES 3.00, lugha ya sheda ambayo simu inaielewa. Ni tafuta-na-badilisha tu: `float3` inakuwa `vec3`, `lerp` inakuwa `mix`, `frac` inakuwa `fract`. Ilizaliwa na mistari 200, leo ina 1,900. Tukiziba tundu moja yanafunguka mawili.

Wiki hii mistari ya katikati ya barabara inajikunja, lakini upande wa kushoto wa ramani peke yake. Na ukungu uliotakiwa kuwa wa kijivu umekuwa kijani. Kwenye kompyuta yote mawili hayaonekani. Naona njia tatu: tuendelee kuziba, tuhamie DXC (kitafsiri cha HLSL cha Microsoft, kinachotoa lugha ya kati iitwayo SPIR-V) kisha SPIRV-Cross (inayogeuza SPIR-V kuwa GLSL), au tuandike upya kwa WGSL (lugha ya sheda ya WebGPU) tutumie Naga (kitafsiri chake). Aliyepitia hapo anisaidie.

fundi_arua
Kushoto ndiko X inakuwa hasi, sivyo? Basi skripti yenu inageuza `fmod` kuwa `mod`. Hizo mbili zinafanana kwa jina tu. `fmod` ya HLSL hukata kuelekea sifuri, jibu likachukua alama ya namba ya kwanza. `mod` ya GLSL hushuka chini, jibu likafuata alama ya kigawanyo. Chukua -1 kwa 3: HLSL inakupa -1, GLSL inakupa 2. Toeni `x - y * trunc(x / y)` mahali pake.

Ukungu siwezi kukisia. Weka cbuffer yake hapa, ile bafa ya data ambayo programu inaipelekea sheda.

boda_pikseli
```
cbuffer Mandhari {
  float  wingi;
  float3 rangiUkungu;
  float4 rangiMajani;
};
```

fundi_arua
Aha! Swali moja kwanza: majani nayo yakoje kwenye simu?

boda_pikseli
Meusi. Tulidhani ni taa, tumehangaika na taa siku mbili.

fundi_arua
Poleni, taa hazina kosa. HLSL hupanga bafa kwa vipande vya baiti 16. `wingi` inakaa baiti 0, na `rangiUkungu` inaenea kwenye baki ya kipande hicho, kwa hiyo inaanza baiti ya 4. Majani yanaanza ya 16. Programu yenu inajaza bafa kwa mpango huo. Lakini std140, mpango wa bafa wa upande wa GLSL, unataka `vec3` ianze kwenye kizidisho cha 16, basi simu inakwenda kusoma ukungu palepale mlipoweka majani. Ndiyo kijani chako hicho. Majani yenyewe inayatafuta baiti ya 32, ambako nadhani mlijaza sifuri tu. Pangeni `float3` kwanza, `float` ifuate, na lugha zote mbili zitakubaliana.

Hili, ssebo, tafuta-na-badilisha haiwezi kulikamata. Maneno yote yametafsiriwa sawa. Kilichokosewa ni hesabu ambayo hakuna mahali imeandikwa.

shedamama (Jinja)
Ndiyo maana sisi tulihama. DXC inasoma HLSL kama lugha, siyo kama maneno, halafu inatoa SPIR-V ambamo kila kiungo cha bafa kina namba yake ya baiti. `fmod` inakuwa amri ya OpFRem (ya kukata kuelekea sifuri), ambayo si sawa na OpFMod (ya kushuka chini), kwa hiyo kosa lako la kwanza halina pa kuzaliwa. Na ile cbuffer ukiomba ES 3.00, SPIRV-Cross inaikataa kwa kelele kwa sababu std140 haiwezi kuieleza. Mimi chombo kinachogoma nakipenda kuliko kinachonidanganya.

Ila usidhani ni mteremko. Kuna miiba miwili itakuchoma siku ya kwanza. DXC hutoa majina kama `out.var.TEXCOORD0` kwenye sheda ya vateksi (ya pembe za maumbo) na `in.var.TEXCOORD0` kwenye ya fragmenti (ya rangi za pikseli), na ES 3.00 huunganisha kwa jina, hivyo hazitaungana. Tumia `--rename-interface-variable` ya SPIRV-Cross uzipe jina moja. Wa pili: HLSL hutenga picha na sampla (maelekezo ya kuisoma picha), GLSL ES inazitaka pamoja. Ukiita maktaba ndani ya programu yako, ni lazima uite `build_combined_image_samplers` mwenyewe.

Na tafadhali pakua DXC iliyokwisha kujengwa. Ndani yake kuna LLVM nzima, mradi mkubwa wa kujengea vitafsiri. Ukijaribu kuijenga kwa bando la siku, bando litaisha kabla ya umeme kukatika.

kutu_gulu
Naga ni safi na mkaguzi wake ni mkali, lakini haisomi HLSL kabisa. Mchezo mpya ningekwambia anza nao. Mnao sheda ngapi?

boda_pikseli
41.

kutu_gulu
Basi sisemi kitu.

fundi_arua
Mimi bado nasema msiitupe skripti leo. Endesha njia zote mbili kwa wiki, piga picha ya skrini ya kila sheda, linganisha. Zikitofautiana, mtajua ipi ilikuwa inadanganya.

boda_pikseli (siku tisa baadaye)
Nimerudi. Sheda 38 zilipita, tatu zilikataliwa, zote ni habari ya `float` kutangulia `float3`. Barabara imenyooka. Lakini kuna jipya: maji ya ziwa, ambayo skripti ilikuwa inayaonyesha vizuri, sasa yanaanza kurukaruka baada ya dakika moja hivi kwenye simu ya shemeji yangu. Kompyuta safi. Nimeshaanza kuandika ripoti ya hitilafu kwa wenye SPIRV-Cross.

busia_mpakani
Subiri kwanza. Kigeu cha wakati kimetangazwa vipi?

boda_pikseli
`min16float wakati;`

busia_mpakani
Hiyo ni namba inayoruhusiwa kushuka hadi biti 16. Skripti yenu ilikuwa inaigeuza kuwa `float` ya kawaida, si ndiyo? DXC inaiheshimu, SPIRV-Cross inaiandika `mediump` (usahihi wa kati), na chipu za simu zinafanya kweli hesabu za biti 16. Kompyuta nyingi hupuuza. Kwa biti 16, sekunde zikipita 64 hatua ndogo kabisa ni 1/16 ya sekunde, zikipita 256 ni robo nzima. Weka `float`, au rudisha wakati sifuri kila wimbi likikamilika.

boda_pikseli
Ni hiyo. Ripoti nimeifuta kabla haijaniaibisha. Dada shedamama, ile `--rename-interface-variable` unaiandika kwa mkono kwa kila sheda au mna njia?

shedamama
Tuna kiskripti cha Python. Mistari 30. Usicheke.