Werewolf by Night: hadithi inaanza katikati, na unyevu wa Kirumba unakula karatasi

SatoMkavu: Wakuu, nakusanya Werewolf by Night ya zamani, ile katuni ya Marvel ya Jack Russell, kijana anayegeuka mbwa mwitu. Namba 15 inaanza kama imechanwa mwanzoni, ila kurasa zimetimia. Giant-Size Werewolf namba 1 haipatikani kabisa. Tena kwa unyevu huu wa Kirumba, Mwanza, karatasi zinageuka kahawia pembeni. Nisaidieni.

Mwezi_Mpevu: Hakuna kilichochanwa mkuu. Kisa hicho kinaanzia kwenye katuni nyingine ya Marvel, Tomb of Dracula namba 18, nayo ya Machi 1974. Anza na hiyo. Giant-Size namba 1 usihangaike nayo: ya kwanza iliitwa Giant-Size Creatures, jina likabadilishwa kuanzia namba 2. Jack mwenyewe anaanzia Marvel Spotlight 2 hadi 4 za 1972, ndipo mfululizo wake, 1 hadi 43. Kwa michoro, tafuta za Mike Ploog: 1–7 na 13–16. Kuanzia 17 ni Don Perlin, kazi safi lakini manyoya hayasisimui vile. (Usukumani angekuwa fisi, tena ana mtu mgongoni.)

Gundi_na_Pini: Karatasi ile ni ya gazeti, asidi imo humo humo. Kahawia haifutiki, unaipunguza kasi tu. Kila toleo liwekee mfuko wake wa polipropilini na kadi isiyo na asidi kwa nyuma. Plastiki laini ya kufunikia madaftari achana nayo, nyingi ni PVC, hunata kwenye wino. Laminesheni ndiyo usithubutu.

Kagua kwanza pini za mgongoni zinazoshika kurasa. Zikishika kutu, doa la chungwa linasambaa na karatasi ya katikati inachomoka. Panga matoleo wima kwenye boksi, yasibanane wala kulegea yakapinda mgongo, boksi likae juu ya rafu mbali na ukuta wa nje. Unyevu uwe asilimia 40 hadi 50, kipima unyevu kidogo kinatosha. Ukifungia matoleo yenye unyevu kwenye ndoo ya mfuniko, umefuga ukungu. Na wadudu wa ziwani wakifuata taa jioni, usifungue kitu: mmoja akisagika ukurasani, doa halitoki.

Mwezi_Mpevu: Nyongeza: ukiuziwa namba 32 ya 1975, bei iko juu kwa sababu shujaa Moon Knight anatokea humo mara ya kwanza. Usilipe kwa kuangalia jalada tu. Fungua ukurasa wa barua za wasomaji, watoto walikuwa wanakata stempu za Marvel zilizochapwa hapo. Pakiwa na tundu la mstatili, teremsha bei sana.

SatoMkavu: Ya 15 pini zote mbili zina kutu. Nizitoe?

Gundi_na_Pini: Ziache kama hazijala karatasi. Ukizing'oa kwa nguvu, tundu linapanuka na jalada linaachia.