Ugavi kwenye misheni ya ulinzi wa amani: mfumo unasema stoki ipo, rafu tupu. Mnapangaje?

Eksel_Safi:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa waliowahi kufanya ugavi kwenye misheni za UN za walinda amani, au hata za kufanana na hizo.

Mimi nimetoka kwenye lojistiki za kawaida za biashara, miaka saba napanga mizigo, nikajiona nimeiva. Sasa nina miezi minne kwenye misheni (sitaitaja) kitengo cha kupanga mahitaji na nimechanganyikiwa kabisa. Kule nilikotoka ukiagiza filta za jenereta zinafika wiki mbili, zikichelewa sana tatu, unapiga wastani wa matumizi ya mwezi unazidisha na muda wa kusubiri mzigo, unaweka akiba kidogo juu yake basi maisha yanaenda. Hapa nikafanya hivyo hivyo. Nikachukua matumizi ya miezi 12 kwenye mfumo, nikaona kwenye mafaili ya zamani mzigo huchukua kama siku 120, nikatengeneza Eksel safi ina marangi na nini, bosi akaipenda.

Wiki iliyopita kambi ya mwisho kabisa, ile ambayo kwa barabara inafikika miezi michache tu ya mwaka, wakapiga simu: jenereta mbili kati ya tatu zimezima. Mfumo unasema filta za mafuta tunazo 64. Nikaenda ghalani mwenyewe. Kwenye rafu nikakuta 11, na katika hizo 11 nne ni za jenereta za aina nyingine kabisa, mtu aliziingiza kwa namba moja na hizi. Zilizobaki eti ziko kwenye kontena, kontena liko mpakani, na mpakani wanasema karatasi ya msamaha wa kodi imekosewa herufi moja kwenye jina la mpokeaji. Herufi moja jamani!

Swali langu: kiwango cha kuagiza upya, yaani stoki ikishuka hapo unaagiza, mnakiwekaje wakati mzigo mmoja umechukua siku 90 na mwingine 260? Niongeze akiba tu au kuna akili nyingine?

---

Mzee wa Manifesti:

Karibu kazini kijana, hiyo herufi moja mimi ilishanikalisha wiki tano.

Kwanza hiyo 120 yako ni wastani wa vitu gani? Ukichanganya oda zilizotoka kwenye mikataba ya kudumu ambayo UN imeshafunga na mzabuni, na oda ambazo tenda ilianza upya kabisa, unapata namba ambayo haijawahi kumtokea mtu yeyote. Chukua oda ishirini za mwisho, kila moja ikate vipande: siku ombi lilipoandikwa, siku lilipopata pesa, siku oda ilipotoka kwa mzabuni, kiwandani, melini, bandarini, forodha, barabarani, mapokezi na ukaguzi, halafu ndo rafuni. Mimi nilipofanya hivyo nilidhani nitakuta meli ndo tatizo, kumbe meli ndo kipande kinachotabirika kuliko vyote, vipande virefu vilikuwa viwili, karatasi kukaa mezani kwetu wenyewe kabla haijafika manunuzi, na mzigo kukaa mpakani. Vyote viwili havirekebishwi na akiba, vinarekebishwa na mtu kunyanyuka kitini.

Pili, umeanza kupanga kutoka upande usio sahihi. Umeanza na ghala kuu. Anza na hiyo kambi ya mwisho. Uliza lori la mwisho linaingia pale tarehe ngapi kabla barabara haijafunga, halafu rudi nyuma kipande kwa kipande mpaka upate siku ombi linapotakiwa kuandikwa. Chukua mfano wa UNMISS kule Sudan Kusini, mzigo unashuka Mombasa, unavuka Uganda, unaingia Nimule mpaka Juba, na hapo hata hujaanza. Malakal na Bentiu kwa barabara unahesabu kuanzia kama Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni tishari kwenye Nile kwa wale walio karibu na mto, au ndege. Sasa weka hiyo juu ya mwaka wa bajeti ya walinda amani ambao unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni. Ukiagiza Julai pesa zikiwa bado za moto, mzigo wa miezi sita unafika Januari na barabara ziko wazi. Ukifanya wanavyofanya wengi, unalala mpaka Mei halafu mnakimbizana kufunga oda kabla ya 30 Juni, kwa msongamano huo mzigo unachukua miezi minane badala ya sita, Februari ndo uko bandarini, forodha, njia, unafika ghala kuu mwishoni mwa Machi na mvua ziko mlangoni. Mzigo ule ule, pesa ile ile, umekosa mwaka mzima.

Kwa hiyo kambi kama hiyo usiiwekee kiwango cha kuagiza upya, maana kiwango kikiguswa Juni utafanya nini? Iwekee shehena ya msimu. Miezi saba au nane yote inakaa pale pale kambini, imehesabiwa, imefungiwa.

---

DadaPaleti:

Mzee kamaliza upande wa kalenda, mi niongee ghalani maana ndo nimeshinda humo miaka tisa.

Kaka hizo 64 zako sio uongo wa mfumo, ni uongo wetu sisi watu. Kuna tofauti ya mzigo umefika na mzigo umepokelewa. Kontena likiingia getini linaenda kwa watu wa mapokezi na ukaguzi, wao ndo wanafungua, wanalinganisha na oda, wanapiga picha vilivyovunjika, na mpaka wasaini haitakiwi kuonekana kama stoki ya kugawa. Ila mwisho wa robo mwaka kila mtu anataka riporti ipendeze basi unakuta mtu kapokea kwenye kompyuta kitu ambacho bado kiko njiani. Nimeshaona mara nyingi tu.

Na hizo nne za aina nyingine, hapo usicheke, hapo ndo ugonjwa ulipo. Nenda uchukue boksi moja mkononi. Namba iliyoandikwa na kiwanda kwenye boksi, namba iliyobandikwa na mzabuni kwenye stika, na namba ya bidhaa kwenye mfumo, hizo tatu lazima zikubaliane, na mimi naongeza ya nne, namba iliyo kwenye kibao cha injini kule kambini. Mwambie fundi wa kule akutumie picha ya kibao kwa simu, dakika moja tu. Kuna mwaka tulipeleka kwa helikopta filta 20 zenye uzi wa skrubu tofauti, zinaingia nusu mzunguko halafu zinagoma. Fundi akaniambia kwenye redio kwa upole kabisa "dada hizi ni nzuri ila sio zetu". Sitasahau.

Usisubiri hesabu ya mwaka. Kila Ijumaa chagua vitu 15, vile ambavyo vikikosekana kambi inazima au watu hawanywi maji, hesabu kwa mkono. Nati na makaratasi ya printa yasubiri.

Halafu nicheke kidogo, mfumo wenyewe unaitwa Umoja, neno letu kabisa, umeanza kutumika kwenye misheni 2013, na kabla yake mali zilikuwa kwenye mwingine ukiitwa Galileo. Watu wa mataifa yote wanalitamka jina la Kiswahili kutwa nzima huku rafu na kompyuta hazijawahi kuwa na umoja hata siku moja.

---

kontena_la_bluu:

Mnahangaika nini, filta zinauzwa mjini kila kona. Tuma dereva na hela taslimu mchana mmoja umemaliza. UN mnapenda kujizungusha.

---

Mzee wa Manifesti:

@kontena_la_bluu kununua karibu kupo na ni kuzuri, kokoto, mbao, usafi, ukarabati mdogo, na hela inabaki kwa wenyeji. Ila filta ya injini ya jenereta kubwa inayolisha hospitali ya kambi ukanunua ya bandia, injini ikila uchafu umeua kitu cha maelfu ya dola kwa ajili ya kuokoa wiki. Na mzabuni lazima awe amesajiliwa, bei zilinganishwe, kuna kamati. Sio kujizungusha, ni hela za nchi wanachama na wakaguzi wanakuja kweli.

---

Afande_Mstaafu:

Nimesoma yote, hamjauliza swali la kwanza ambalo mimi ningeuliza. Hizo jenereta ni za nani?

Nilikuwa afisa ugavi wa batalioni, upande wa kikosi, sio upande wa UN. Mkuu Eksel_Safi huenda huko biashara hamna hiki kitu. Nchi inayotoa askari inasaini hati ya makubaliano na UN, na vifaa vya kikosi vinakuja kwa mitindo miwili. Wa kwanza, kifaa kinakuja na matunzo yake, yaani spea, mafundi, filta, vyote juu ya nchi yenye kikosi, na UN inairudishia nchi hiyo pesa kwa kiwango cha mwezi kifaa kikiwa kinafanya kazi. Wa pili, kifaa kinakuja kikavu, spea na matunzo yanabebwa na upande mwingine, kwa kawaida UN. Mtindo wa kwanza ndo umezoeleka zaidi. Chakula, maji na dizeli vinatoka kwa UN kwa vyote viwili.

Sasa kinachotokea uwanjani ni kwamba jenereta ya kikosi ikizima, kamanda anampigia mtu wa UN, mtu wa UN ana huruma, anatoa filta stoo. Mwezi ujao tena. Mwaka ukiisha matumizi yako yamebeba mashine ambazo sio zako, unaagiza zaidi na bado zinapungua, na ile nchi inaendelea kulipwa kwa matunzo ambayo haifanyi. Wakaguzi wa vifaa vya vikosi wakipita kila robo mwaka wanakuta mashine inanguruma, wanatia tiki. Nasema hivi na mimi nilikuwa upande uliokuwa unaomba 😅

Na nyie wapangaji mkitaka kujua idadi ya watu kambini msitumie idadi iliyo kwenye hati, tumieni iliyolala jana. Chakula chetu tulikuwa tunaagiza kwa mzunguko wa siku 28, wiki nyingi kabla, halafu katikati unapata zamu ya kubadilishana vikosi, mia tatu wanaondoka mia tatu wanaingia, kwa siku kumi mna vikosi vyote viwili au hamna hata kimoja. Kontena la baridi halielewi lugha hiyo.

---

Eksel_Safi:

@Afande_Mstaafu aisee. Nimeuliza. Kati ya zile mbili zilizozima moja ni yetu na moja ni ya kikosi, mtindo ule wa kwanza. Na nimepitia vocha za mwaka mzima, karibu nusu ya filta zilizokwenda kambi ile ziliandikiwa mashine isiyokuwa yetu. Yaani wastani wangu wote ulikuwa wa kupikwa. Nimekaa kama dakika kumi naangalia ukuta.

---

Roma_Tango:

Usiangalie ukuta, jaza ombi la ndege 😂

Mimi ni kitengo cha usafirishaji. Mpaka kontena litoke mpakani hizo filta 7 nzuri ulizonazo zipeleke kwa helikopta kesho, ila zitume na mzigo mwingine. Helikopta ya Mi-8 inabeba kama tani 4 kwenye karatasi, na joto likipanda au safari ikiwa ndefu inabidi ibebe mafuta mengi basi mzigo unapungua. Watu wa mipango mnatuletea ombi limeandikwa "boksi 1" bila uzito bila vipimo, tunaliweka chini ya rundo. Andika kilo, andika urefu upana kimo, andika kama kuna betri au kemikali maana mizigo ya hatari ina karatasi zake na rubani ana haki ya kuikataa palepale uwanjani.

Kuhusu hesabu za siku 90 na 260, kuna vitu haviingii kwenye wastani. Jamhuri ya Afrika ya Kati mwishoni mwa 2020, vikundi vya silaha vilifunga barabara inayotoka Cameroon kwenda Bangui, ndo njia kuu ya kila kitu kutoka bandari ya Douala, malori yakakwama Garoua-Boulaï mpakani, msafara wa kwanza ukaingia Bangui Februari 2021 ukiwa na ulinzi. Zaidi ya siku 50. Hiyo kwenye Eksel utaiandika wapi? Hiyo unaijibu kwa njia ya pili iliyoandaliwa kabla, mkataba wa ndege upo, bandari nyingine ina wakala, na siku za akiba ya dizeli na chakula zinazojulikana na kila mtu, sio na bosi peke yake.

Na usisahau mnyororo unarudi nyuma pia. Mali 2023 Baraza la Usalama liliifunga misheni ya kule, MINUSMA, 30 Juni na kutaka watu wawe wameondoka mpaka 31 Desemba. Miezi sita kwa kambi zilizojengwa miaka kumi, na kule kaskazini malori ya kubebea yalikwama Gao, vitu vingine vikaharibiwa palepale kwa sababu havikuweza kusafirishwa. Kwa hiyo ukiagiza shehena ya msimu ya miezi nane kama Mzee alivyosema sawa, ila kwanza uliza muda wa mamlaka ya misheni, yaani ruhusa ya Baraza la Usalama, unaisha lini.

---

Eksel_Safi:

Nashukuru sana wote. Update: filta 7 zimeruka leo asubuhi kilo 9 na nusu, nimepima mwenyewe. Jenereta yetu inafanya kazi tangu saa nane. Ya kikosi nimeandika barua kupitia kwa watu wa vifaa vya vikosi, bado kamanda hajanijibu ila kanipigia simu kwa jina langu la kwanza, nadhani hiyo sio dalili nzuri.

Mpakani wamekubali karatasi mpya, kontena linaondoka kesho. @DadaPaleti picha ya kibao cha injini imefika, haifanani na oda iliyo ndani ya kontena. Tofauti ni herufi ya mwisho, wao wana K sisi tumeagiza R. Kuna mtu anajua kama zinaingiliana au nianze kulia sasa hivi?

---

DadaPaleti:

Usilie bado. Nitumie picha ya boksi na ya kibao pembeni pembeni. Na mwambie fundi apime kipenyo cha uzi.