Duka la steshenari Masasi: tubaki na Windows, tuhamie Linux au tununue Mac?

Mama_Steshenari
Habari za kazi, wadau. Ninaendesha duka la steshenari hapa Masasi, ambako tunachapa barua, tunatengeneza kadi za harusi kwa Publisher, na msimu wa korosho unapofunguliwa tunaandaa orodha za malipo ya wakulima katika Excel kwa ajili ya chama cha msingi. Kompyuta zetu ni HP EliteBook 840 G3 zenye Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa ingawa bado ni nzima. Kijana wangu anataka tununue MacBook zilizotumika, na jirani anasema tuweke Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Naomba hoja za waliozitumia kazini, si ushabiki wa Simba na Yanga.

Fundi_Ligula
Dada, zinakataliwa kwa sababu prosesa zake ni za kizazi cha 6 cha Intel, wakati Windows 11 inadai kizazi cha 8 na kuendelea pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Zipo mbinu za kuilazimisha, lakini simshauri anayetunza orodha za fedha za watu azitegemee.

Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, itakwenda vizuri kwenye mashine hizo zikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Haina leseni ya kununua, na virusi vingi vinavyoletwa na flashi za wateja vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Usumbufu huanzia kwenye barua ya mteja iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri: LibreOffice, programu ya bure inayotumika badala ya Word na Excel, huweka Carlito mahali pake, herufi zilizosanifiwa kwa upana uleule, hivyo mistari haihami, ila hati yenye visanduku vya maandishi na picha nyingi inaweza kuvurugika, na makro za Excel (amri zilizoandikwa ili zijiendeshe zenyewe) mara nyingi huhitaji kuandikwa upya.

Bahari_Mikindani
Mimi ni mtu wa Mac, na bado nakuambia usikimbilie. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye M1, chipu ya Apple yenyewe, haina feni ya kuvuta vumbi, na betri yake hunivusha umeme unapokatika. Lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia: nyingi za bei nafuu ni za Intel, na Air ya 2017 inakomea macOS Monterey, ambayo Apple haiisasishi tena. Katika M1, RAM na diski haviongezwi baadaye, na ikiharibika bodi, mimi ningelazimika kuituma Dar es Salaam. Isitoshe, Publisher haina toleo la Mac.

Mama_Steshenari
Nashukuru. Makro hatuna, ni fomula tu. Publisher ndiyo inayonifunga, maana kadi zote za zamani zimo humo.

Mhasibu_Lindi
Publisher isikufunge, mama. Microsoft imetangaza kuiacha Oktoba 2026, kwa hiyo kadi hizo utazihamisha hata ukibaki na Windows. Acha mashine moja yenye Windows 10, isiyounganishwa na intaneti, kwa kazi hiyo tu, na zile muhimu uzihifadhi kama PDF mapema.

Orodha za malipo nisingezihamishia LibreOffice katikati ya msimu. Chama kikitaka orodha baada ya mnada, hakikupi muda wa kujifunza programu. Kwa kazi hiyo tafuta EliteBook 840 G5 iliyotumika, ila soma jina la prosesa kabla ya kulipa, kwa kuwa G5 nyingine zilitoka na kizazi cha 7. Unayoitaka imeandikwa i5-8250U au i5-8350U. Zilizobaki ziwekee Mint kwa uchapaji wa kawaida, lakini kwanza iwashe kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, kisha uchapishe ukurasa mmoja. Printa za HP kwa kawaida hazisumbui kwenye Linux. Yako ni ya kampuni gani?