Umeme ukikatika wakati wa baridi kali: jiko la kuni, peleti, gesi au jenereta?

Mama wa Auburn:
Wapendwa, habari za huko mliko. Tumehamia nyumba yetu wenyewe hapa Auburn, Maine, na sebuleni tumekuta jiko la kuni la chuma, la zamani lakini zito na zima. Joto la kila siku linatoka kwenye boila ya mafuta, mtambo wa kupasha maji yanayozungushwa nyumbani, iliyoko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba. Majirani wanasema dhoruba ya Desemba 2023 iliacha wateja zaidi ya 400,000 jimboni bila umeme, na boila hii bila umeme haifanyi chochote, maana pampu na kichomeo vyote vinautegemea. Nina watoto wadogo na mama yangu mzee. Mume wangu anataka tuliuze jiko tununue la peleti, vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, shemeji anasema jenereta, mimi moyo uko kwenye hili la kuni. Litatufaa usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri?

Mzee wa Dohani (Portland):
Karibu Maine, dada. Jiko usiliuze. Kazi yangu ni kufagia na kukagua dohani, na nyumba ninazoziona zikivuka giza salama ni zile zilizoandaa kuni tangu kiangazi. Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto unaishia kuyachemsha hayo maji, chumba hakipati joto, moshi unapoa njiani na kuacha kreosoti, ule utando mweusi unaonata kwenye kuta za dohani. Siku utando huo ukishika moto, dohani inavuma kama ndege inayopaa, na nyumba inaweza kuteketea.

Kwa hiyo nunua kipima unyevu, ni cha bei ndogo. Pasua gogo, pima upande wa ndani uliofunguka sasa hivi, maana gome litakudanganya. Isizidi asilimia 20. Mwaloni unaweza kutaka hata miaka 2 tangu upasuliwe.

Halafu mlango wa jiko. Weka noti ya dola kwenye ukingo, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, kamba ya kuzibia imechakaa na hewa inaingia moto usipotaka. Jaribu kuzunguka mlango wote. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, dohani ikaguliwe na fundi, kwa sababu hujui waliokutangulia walikuwa wakichoma nini. Bima yako ya nyumba pia ijulishwe.

Bwana Umeme (Lewiston):
Namheshimu mzee, lakini mimi nasimama na shemeji. Jiko la kuni linapasha sebule. Je, mabomba ya maji yaliyoko besimenti? Yakiganda yanapasuka, na umeme ukirudi unakuta nyumba imefurika. Kama maji yenu ni ya kisima, pampu nayo imelala, hakuna maji ya choo. Jenereta ya wastani inaendesha boila, pampu na friji kwa zamu.

Masharti yake ni mawili, na sitanii. Ikae nje, angalau futi 20 kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Isiwekwe gereji hata mlango ukiwa wazi. Na fundi umeme aliyesajiliwa afunge swichi ya kuhamisha umeme. Ukichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, umeme unarudi barabarani na unaweza kumuua fundi aliyepanda nguzo kukusaidia.

Mama wa Auburn:
Asante kaka. Maji yetu ni ya kisima kweli. Na peleti je?

Bwana Umeme:
Jiko la peleti ni zuri siku za kawaida, ila mota inayosukuma peleti na feni vyote vinataka umeme. Likishawaka linakula takriban wati 100, kwa hiyo betri nzuri italibeba kwa saa kadhaa. Dhoruba ya siku nne, hapana. Hita ya gesi ya propeni inayofungwa ukutani na kutoa moshi nje ni bora kuliko hiyo, lakini muulize muuzaji waziwazi kama inafanya kazi bila umeme kabisa. Nyingine hazifanyi.

Mwana Katanga:
Bandugu, sisi tunaopanga ghorofa hatuna dohani. Mwaka jana nilisikia mtu akisema ataingiza mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, ndani, afungue dirisha kidogo. Tafadhali, hapana. Hata ya kuchomea nyama, hata kwenye balkoni iliyofungwa, hapana. Dhoruba ya upepo ya Desemba 2006 kule jimbo la Washington, wahamiaji wengi waliwasha makala ndani kwa sababu kwao walizoea, na wapo waliokufa. Gazeti la Seattle Times liliweka onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, kaboni monoksidi haina harufu, unasinzia tu.

Mpangaji wa Lewiston:
Ndugu yangu amesema kweli. Kwa wapangaji wenzangu wa Maine: pigeni 211, watawaelekeza vituo vya kujipasha joto vilivyofunguliwa. Kengele ya kaboni monoksidi ya betri iwepo kila nyumba, hata ya dada mwenye jiko zuri.

Mzee wa Dohani:
Hasa hiyo kengele. Bwana Umeme, hoja ya mabomba naikubali: jiko pekee halifiki besimenti. Dada, jiko libaki kuwa nguzo, jenereta ndogo iwe ya pampu na boila. Mkiwa na jiko tu, acheni maji yachuruzike kidogo bombani pale mabomba yanapopita kuta za nje kama maji bado yapo, la sivyo fungeni maji na mkamue mabomba. Fungeni milango ya vyumba vya mbali, wote mlale sebuleni, bibi awe karibu lakini vitanda na nguo vikae futi 3 kutoka kwenye jiko.

Jambo jingine wanalosahau watu ni majivu. Kaa linaweza kubaki na moto siku kadhaa chini ya majivu yanayoonekana yamepoa. Ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta na ngazi za mbao. Usitumie mfuko wa karatasi wala pipa la plastiki.

Mama wa Auburn:
Mume wangu amesoma yote, peleti tumeziacha. Tununue kuni kiasi gani?

Mzee wa Dohani:
Kuni hapa zinauzwa kwa kipimo kiitwacho kodi (cord), rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8. Kwa dharura peke yake, nusu kodi iliyokauka itawapitisha wiki mbili hivi. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliwaacha watu wengine wa Maine gizani zaidi ya hapo, kwa hiyo mkiwa na nafasi chukueni kodi nzima. Zifunikwe juu tu, pembeni upepo upite, na za siku tatu ziwe ndani kabla theluji haijaanza. Nitumie picha ya dohani ikishafunguliwa.