Jicho la kushoto jekundu wiki ya sita, matone hayasaidii. Nifanyeje wakuu?

Sangara Mbichi: Wakuu habari za jioni. Jicho langu la kushoto ni jekundu wiki ya sita. Halitoi matongotongo, haliwashi, ila linauma kwa ndani na mwanga siuwezi, nashinda na miwani myeusi kama msanii. Duka la dawa walinipa matone ya deksamethasoni. Nikiweka linatulia, nikiacha siku mbili linarudi. Swali langu dogo: niongeze dozi au nibadili dawa?

Fundi Redio: Hayo ni yale macho mekundu ya Januari 2024. Mimi nilinawa maji safi tu, siku nane yakaisha. Bosi wangu hajawahi kunipa ruhusa kwa haraka vile, alinifukuzia mlangoni.

Mama Wawili: Maziwa ya mama anayenyonyesha, matone mawili usiku.

Chumvi Kidogo: Mama yupi? Weka namba 😂

Nesi wa Zamu: Yale ya mlipuko yanatoa machozi na tongo, tena hayakai wiki sita. Maumivu ya ndani na kuogopa mwanga: hiyo inanukia uveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho. Mleta mada, kabla ya jicho uliumwa nini? Kikohozi? Mgongo kukaza asubuhi? Upele?

Sangara Mbichi: Nilikuwa mzima kabisa.

Nesi wa Zamu: Hata upele?

Sangara Mbichi: Haya. Mwezi wa nne nilipata mkanda wa jeshi usoni, kushoto, toka kwenye nywele hadi ncha ya pua. Ukakauka wenyewe, kovu limebaki puani. Na hospitali nilienda, msinione mjinga. Dada wa pale aliniwekesha kidevu kwenye mashine, akasema mboni imeganda upande mmoja, si duara tena. Akaandika vipimo: kaswende, picha ya kifua, na kile kingine. Sikufanya. Desemba naoa, na mtu wa maabara anasali na mchumba wangu.

Nesi wa Zamu: Ungeanza na hiyo pua! Mshipa wa fahamu unaofika ncha ya pua ndio huohuo unaoingia jichoni. Virusi vya tetekuwanga vililala mwilini, vimeamka kama mkanda wa jeshi, na wewe unavimwagia steroidi, yale matone ya dukani, bila dawa ya virusi wala matone ya kutanua mboni. Hayo ya dukani peke yake yanaweza kukupandishia presha ya jicho na kukuletea mtoto wa jicho. Usiyakate ghafla, ila kesho rudi. Kliniki tunapokea mmoja ni TB, mwingine kaswende, mwingine toksoplasma (vimelea), na wengine unapima kila kitu husemi ni nini. Ndiyo maana vimeandikwa vingi, hakuna aliyekuhukumu.

Sangara Mbichi: Nimeshatanguliza elfu sitini kwa mganga mmoja wa kienyeji Magu. Na matone yananipa nafuu, niache kinachosaidia?

Baba Paroko: Kijana, unayeficha kipimo leo utaficha nini ukishaoa? Mimi na mama watoto tulipima pamoja mwaka 2009, nilitetemeka mpaka karani akanipa soda...

Bwana Mashaka: Wakuu mnapoteza bando. Hii chai. Mwaka jana huyuhuyu alifungua uzi "mke wangu ananizidi mshahara". Leo ana mchumba?

Chumvi Kidogo: Tangawizi imekolea ☕

Fundi Redio: Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Sangara Mbichi: Ule niliandika kwa niaba ya kaka.

Bwana Mashaka: Kaka huwa hawaishiwi shida humu.

Nesi wa Zamu: Chai au maji, mimi nauliza moja. Ziba jicho la kulia, usome nilichoandika hapa.

Chumvi Kidogo: Dakika ishirini kimya. Anatafuta kaka mwingine.

Sangara Mbichi: Nesi, nimeziba. Mwanga wa simu nauona, herufi sizioni. Hivi maabara za Sengerema wanafungua saa ngapi?