Eti "niwekee na hii, si unashuka?" Wakuu, leo nang'ata mawe!

Wakuu, ndiyo nimeshuka mlimani, hata buti sijavua. Yule bwana mnamjua, simtaji. Yule wa fimbo mbili, anayepiga picha na kila jiwe kama ni shemeji yake.

Getini tulipewa kila mtu mfuko wa taka, ukirudi unapimwa kwenye mizani. Mimi kiherehere nikajaza begi zima: makopo ya gesi, maganda ya biskuti, soli ya kiatu cha enzi za Nuhu. Nateremka nimepinda kama ndoano. Huyoo nyuma yangu, mikono mitupu, anapiga mluzi. Nasikia zipu. Zipu ya begi LANGU!

"Niwekee na hii, si unashuka?"

SI UNASHUKA? Kwani yeye alikuwa anapaa?

Na "hii" yenyewe chupa. Ya njano. Bado vuguvugu, wakuu, niliisikia hadi kwenye uti wa mgongo! Getini akapiga picha na mfuko wangu, eti "tumesafisha mlima". Tume-nani? Si unashuka! Njia nzima nimeongea peke yangu: si unashuka, si unashuka.

Buti_Moja: Baridi yote ile umekandwa mgongo bure, bado unalalamika?

Mteremko: Everest mwaka 2014 waliweka sheria kila mpandaji ashuke na kilo 8 za taka, na timu ilikuwa inaweka amana ya dola 4,000. Jamaa alikuwa anakuchangia uzito, mkuu.

Mleta uzi: Sikuomba mchango!! Alifungua ZIPU!

Kichuguu: Chupa ina nafuu, ina kifuniko. Kuna hawa wa kufukia tishu chini ya jiwe. Mimi nililikalia hilo jiwe.

Mteremko: Na wale wa "ganda la ndizi litaoza lenyewe". Kwenye baridi ile? Utalikuta mwakani linakusubiri.

Pumzi_Fupi: Hamjakutana na wa spika nyie. Kilele kizima kinadunda, upepo wenyewe umehama.

Buti_Moja: Nyimbo zilikuwa kali lakini?

Pumzi_Fupi: Moja tu. Inajirudia.

Mleta uzi: Jamani, chupa yangu…

Kichuguu: Sasa imekuwa yako? Hebu Pumzi, hiyo spika ni ya bluu, imepasuka pembeni? Kuna mtu aliniazima, mwezi wa pili huu hapokei simu.