Mkanda au dijitali? Tubishane, ila tubishane tukiwa Mbeya

Mleta mada (Uyole)

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Rungwe.

Juzi tulipanda mlima Ngozi vijana saba, kila mmoja na kamera yake. Kufika juu ukingoni, ukungu umelala ziwani, hata maji huyaoni. Tukakaa kusubiri, na watu wakikaa na njaa ubishi hauko mbali. Mmoja wetu amenunua kamera ya Pentax K1000 ya mtumba, ya mkanda (filamu), akaanza kutuambia dijitali imetulemaza. Mwingine akamuuliza: ukimaliza huo mkanda utausafishia wapi kwa dawa mpaka picha zitokee? Kimya. Tulishuka hatujaelewana, kwa hiyo naleta hapa. Kijana wa huku Nyanda za Juu Kusini anayepiga picha kwa kuipenda tu, si za harusi wala pasipoti saizi, anunue ipi?

Msimamo wangu nautoa mapema msinisome vibaya. Kamera ya kwanza iwe dijitali ya mtumba. Mkanda wa rangi, kwa huku kwetu, simshauri mtu. Mkanda wa nyeusi na nyeupe, ukikubali kuusafisha mwenyewe nyumbani, nakuunga mkono kwa mikono miwili, na sababu yangu ni maji ya bomba.

Kwanza tuache kusema mkanda umekufa. Kodak ni kweli iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012, na kinachouma ni kwamba kamera ya dijitali ilizaliwa nyumbani kwake: mwaka 1975 mhandisi wake Steven Sasson aliunda dude lililochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Lakini mikanda inatengenezwa hadi leo, na 2024 Pentax wametoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, inayogawa fremu nusu kwa nusu ili mkanda wa picha 36 utoe 72. Mkanda upo. Aliyepotea huku ni msafishaji.

Wa umri wangu mnakumbuka. Unapeleka mkanda studio, unaambiwa njoo keshokutwa, keshokutwa unaambiwa mashine ina foleni. Mkanda wangu wa mahafali nilipeleka kwenye studio moja, sitaitaja. Kijana wa kaunta akafungua mgongo wa kamera kabla hajaurudisha mkanda kwenye kopo lake. Nilimwona kwa macho yangu, akafunga haraka kama mtu aliyefunua sufuria ya jirani. Picha 36, zilizopona 4, na katika hizo 4 mimi simo. Mama bado anaiulizia picha ya joho.

Sasa huo mkanda wa rangi. Dawa zake, zile za C-41 (jina la usafishaji wa mkanda wa rangi), zinataka nyuzijoto karibu 38, dakika 3 na sekunde 15, na joto likiyumba kidogo tu rangi zinahama. Kwa maji ya Uyole mwezi wa saba hiyo ni vita. Beseni la nje linapoa huku unaliangalia. Ukishindwa, unautuma mbali kwa basi na kungoja. Na hesabu? Tuseme mkanda, kuusafisha na nauli ya kifurushi vimefika shilingi 54,000 (nakadiria tu, wekeni bei zenu). Gawa kwa 36: kila ukibonyeza umetoa 1,500, hata kama bibi amefumba macho.

Nyeusi na nyeupe ni habari nyingine. Joto lake la kawaida ni nyuzi 20. Mkanda wa Ilford HP5 kwenye D-76, dawa ya kutoa picha, isiyozimuliwa, unakaa dakika 7 na nusu kwa nyuzi hizo. Ndugu zetu wa Dar, maji yao yakiwa nyuzi 27 au 28, muda unashuka chini ya dakika 5 na dawa inaanza kushika kwa mabaka, watafute barafu. Sisi tatizo letu ni kinyume, maji ni baridi mno, na kupasha ni rahisi kuliko kupoza. Mimi naweka jagi la maji ya bomba mezani, kipimajoto ndani, na chupa ya chai pembeni. Namimina maji moto kidogo kidogo kama naongeza mboga chumvi. Ikifika 20 nachanganya dawa. Mkanda nimeshauviringisha kwenye riili nikiwa nimeingiza mikono ndani ya mfuko mweusi, nao umefungiwa kwenye tenki la plastiki. Namimina, napindua tenki kila dakika, namwaga, siki iliyozimuliwa kusimamisha, halafu fiksa, dawa ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga. Ukifungua ukaona vivuli vya watu kwenye mkanda uliolowa, aisee, hiyo raha memori kadi haina.

Kuanika ndiko kunaniua. Vumbi la Septemba linapita hata chini ya mlango. Naanika bafuni, kibanio cha nguo juu, kingine chini kama uzito, baada ya kumwaga maji ya moto sakafuni ili vumbi litulie. Watoto wamepigwa marufuku kwenda kuoga.

Nawasilisha. Njooni na hoja.

Wa Soweto ya hapa Mbeya (mwenye K1000)

Mleta mada umenisema mbele za watu, sawa. Lakini umerukia gharama ukaacha masomo. Mimi nilikuwa na dijitali miaka miwili na sikujua f (namba ya upana wa tundu la lenzi) ni nini, niliiachia kamera ifanye. Huyu mzee wa chuma betri yake ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga. Nimejifunza kanuni ya jua: jua likiwa wazi weka f/16, spidi ikaribiane na namba ya mkanda, yaani mkanda wa 400 spidi 500 (1/500 ya sekunde). Nimepiga soko la Mwanjelwa mchana bila kipimo na zimetoka. Tena mkanda wa negativu ukizidisha mwanga unakusamehe, wakati dijitali wingu likishaungua likawa jeupe hulirudishi.

Halafu picha zako za dijitali za miaka kumi iliyopita ziko wapi? Jibu hilo kwanza.

Dada wa Njombe

Mimi naenda hifadhi ya Kitulo maua yakitoka, kuanzia Desemba. Yule okidi ni mdogo kama kucha na upepo wa kule haupumui. Ili upate moja iliyotulia unapiga arobaini. Huo ni mkanda mzima kwa ua moja, halafu hujui kama umelipata mpaka urudi nyumbani uusafishe, watoto wakisubiri kuoga kama wa Uyole.

Kuhusu masomo, kaka wa Soweto, kamera yoyote yenye herufi M, ya kujipangia mwenyewe, inafundisha. Tofauti ni kwamba dijitali inaandika spidi na f ndani ya kila picha, nikikosea najua nilikosea wapi papo hapo. Wewe unaandika kwenye daftari? Najua huandiki. Mfano ukungu: kipimo cha mwanga kinadhani kila kitu ni kijivu, kwa hiyo ukungu mweupe unatoka mchafu. Niliongeza mwanga hatua moja, nikaangalia, nikaelewa siku hiyo hiyo. Kwa mkanda ningeelewa baada ya mwezi.

Kasoro ya dijitali nakubali: baridi inakula betri. Ya akiba naiweka ndani ya sweta, kwapani kabisa. Sio ya kupiga picha hiyo.

Mzee wa Tukuyu

Vijana, mnabishana mkanda na dijitali, mimi nauliza lenzi. Huku kwetu mvua hairuhusu mchezo. Kamera ikifungiwa kwenye mkoba wake wa ngozi kabatini, baada ya muda fangasi wanatandaza nyuzi ndani ya kioo kama utando wa buibui. Kabla hujatoa hela ya mtumba, fungua lenzi wazi kabisa, mulika tochi kutokea nyuma, tazama kwa pembeni. Ukiona nyuzi rudisha, hata akipunguza bei. Na ukishanunua, iache mahali penye hewa na mwanga, huo mkoba mpe mtoto awekee penseli.

Wa Mbozi

Nimesikia mkanda unasafishwa kwa kahawa. Ni kweli au ni stori za kijiweni? Kama ni kweli basi sisi Mbozi tumekaa juu ya mali.

Mleta mada (Uyole)

Wa Mbozi, ni kweli. Darasa moja la chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, mji huo huo wa Kodak, lilifanya hivyo mwaka 1995: kahawa ya unga ya kuyeyuka, magadi ya kufulia na, kwa mapishi ya baadaye, vitamini C. Inanuka vibaya lakini picha zinatoka. Habari mbaya ni kwamba inayofanya kazi vizuri zaidi ni robusta, kwa sababu ina zaidi asidi zile zinazotoa picha. Arabika yenu ni ya kunywa. Kwenye robusta, watu wa Bukoba wametupiga bao.

Dada, kwa maua sina ubishi. Mzee, asante, nimeenda kumulika lenzi zangu zote usiku huu. Moja ina nyuzi, sitasema nilinunua kwa nani.

Wa Soweto, umeuliza picha zangu za miaka kumi ziko wapi. Ziko kwenye hadi disiki isiyowaka, imekaa juu ya friji. Wakati huo huo bati la biskuti la marehemu baba lina negativu za stesheni ya TAZARA, na nikiziinua dirishani namtambua hata aliyevaa kofia. Kwa hiyo nimebadilisha neno moja kwenye msimamo wangu: dijitali kwanza, lakini zile bora ziende studio zikachapwe kwenye karatasi, tano kila mwezi zinatosha.

Mkanda wako wa Ngozi ulete Jumamosi asubuhi, kabla vumbi halijaamka. Njoo na siki. Kahawa nitatafuta ya Bukoba, wa Mbozi asinune.